Bibi alizaa kumi na mmoja, mama akazaa sita, na bado tunaongezeka

Foleni ikirefuka zahanati, daladala ikijaa mpaka kondakta ananing'inia mlangoni, darasa likifikisha watoto mia na ushei, hapa Mwanza hutakosa mtu wa kusema: "Wanawake wa Kanda ya Ziwa wanazaa mno." Nimeisikia kauli hii Mwaloni Kirumba ninakouzia dagaa, nimeisikia kwenye vikao vya harusi, nimeisikia kwa watu wenye shahada zao. Kila nikiisikia inaniuma, maana inamtwika mama lawama ya jambo ambalo sehemu yake kubwa ni habari njema. Tunaongezeka kwa kasi hii hasa kwa sababu watoto wetu hawafi tena kama zamani. Mwanamke wa leo anazaa wachache kuliko mama yake, na mama yake alizaa wachache kuliko bibi.

Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Tulikabidhiwa vishikwambi na vizibao, tukapita nyumba kwa nyumba tukiuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia Jumanne ya tarehe 23 Agosti. Maswali yalikuwa mengi: umri, elimu, choo, nishati ya kupikia, mifugo. Yaliyonikaa moyoni ni ya uzazi. Unamuuliza mwanamke amezaa watoto wangapi wakiwa hai tangu aanze kuzaa. Wangapi anaishi nao, wangapi wako kwingine, wangapi wamefariki. Halafu unaiuliza kaya kama imepata msiba wowote ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita. Kuna mama atakujibu upesi kama anayesoma orodha, na kuna mama atanyamaza kwanza, ainuke akatazame sufuria jikoni, ndipo arudi akujibu.

Nilikula kiapo cha kutunza siri za kaya nilizohesabu, na kiapo kile hakina tarehe ya kuisha. Kwa hiyo hapa sitasimulia kaya ya mtu. Nitasimulia ya kwetu, maana baada ya sensa nilivuka kwenda kisiwani Ukerewe nikamuuliza bibi yangu maswali yaleyale.

Nilimkuta anamenya mihogo chini ya mwembe. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mjini, nikamwambia, "Bibi, nataka nijue ulizaa wangapi." Akaacha kisu. "Watoto hawahesabiwi, mjukuu wangu. Wanatajwa." Basi akaanza kuwataja. Kila jina lilikuja na alama yake: huyu wa mwaka uliofuata Uhuru, huyu wa ule mwaka ziwa lilipanda likala mashamba ya kando, huyu wa mwaka babu yako aliponunua baiskeli. Nilikuwa naandika pembeni. Majina yalifika kumi na moja, na wengine kati yao sikuwahi kuwasikia maishani mwangu.

Wawili waliondoka na surua katika msimu mmoja, mkubwa akitangulia na mdogo akifuata kabla matanga ya kwanza hayajaisha. Mmoja alishikwa na degedege usiku; babu akatoka mbio kwenda kwa mganga, kwa sababu zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku na kwa imani ya wakati ule degedege halikuwa jambo la kupeleka hospitali. Mmoja aliharisha siku tatu. Mmoja hakumaliza siku aliyozaliwa, huyo bibi alimtaja kwa jina la marehemu shangazi yake, akasema, "Nilikuwa nimeshampa, basi ni lake." Watano kati ya kumi na mmoja. Sita ndio waliokua wakaoa na kuolewa, na mama yangu ni mmoja wao.

Mama aliolewa Mwanza mjini, akazaa sita kati ya 1984 na 1999. Mmoja tulimpoteza kwa malaria akiwa na miezi minane. Watano tupo.

Itazameni hesabu hiyo kwa makini. Bibi alizaa kumi na mmoja wakabaki sita. Mama alizaa sita tukabaki watano. Uzazi ulishuka karibu nusu katika kizazi kimoja, lakini idadi ya watu waliofika utu uzima na kuanzisha kaya zao ilipungua kwa mtu mmoja tu. Na kwa kuwa sita wa bibi kila mmoja ana wake, bibi sasa ana wajukuu thelathini na mmoja walio hai. Bibi yake yeye, kwa masimulizi yake, alizaa tisa akafa akiwa amebakiwa na wawili. Hakuna aliyekuwa akisema wakati ule kwamba wanawake wa Ukerewe wanazaa mno, ingawa walizaa sana kuliko sisi.

Takwimu za taifa zinasimulia habari hiyohiyo. Katika utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa 2004/05 ukapata 112. Wa 2010, 81. Wa 2015/16, 67. Wa 2022, 43. Someni tena mfululizo huo pole pole, maana kila namba iliyopungua hapo ni mtoto aliyeamka asubuhi. Katika muda wa miaka ishirini na kitu, kifo cha mtoto mdogo kimepungua zaidi ya theluthi mbili.

Na uzazi je? Mwaka 1991/92 mwanamke wa Tanzania alikuwa na wastani wa watoto 6.2. Mwaka 2004/05 ulikuwa 5.7, mwaka 2010 ulikuwa 5.4, na mwaka 2022 ulifika 4.8. Umeshuka, ila umeshuka kwa kusuasua, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 ulisimama kabisa. Vifo vilitelemka mlima, uzazi ukafuata nyuma kwa mwendo wa miguu. Nafasi iliyo kati ya hivyo viwili ndiyo ongezeko la watu. Hakuna siri nyingine.

Kilichotelemsha vifo tunakijua kwa majina. Chandarua chenye dawa, ambacho kuanzia 2004 mama mjamzito alikuwa akipewa hati punguzo ya kukinunulia. Dawa ya mseto ya malaria, iliyochukua nafasi ya dawa ya zamani, SP, mwishoni mwa 2006, wakati SP ilikuwa imeshashindwa na vimelea. Chanjo ya surua, halafu chanjo za nimonia na za kuhara kwa virusi vya rota zilizoanza kutolewa nchini kote 2013. Matone ya vitamini A. Chumvichumvi ya kuongezea maji mwilini, ile pakiti ndogo ambayo ingemwokoa mtoto wa bibi aliyeharisha siku tatu. Dawa za kuzuia mama mwenye virusi vya UKIMWI asimwambukize mtoto. Hakuna hata kimoja hapo cha ajabu. Mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa 2017, ana kadi ya kliniki iliyojaa tarehe za chanjo mstari kwa mstari. Nilimwonyesha bibi kadi ile alipokuja mjini. Hajui kusoma, lakini aliishika muda mrefu na kuniuliza kila mstari ni wa ugonjwa gani. Nilipofika kwenye surua akasema, "Hii sindano ni ndogo tu?" Nikamwambia ndiyo bibi, ndogo tu, ya begani. Akairudisha kadi kwenye bahasha yake.

Wataalamu hupima mambo haya kwa kila watu 1,000. Kwa Tanzania ya sasa, kila watu 1,000 kwa mwaka huzaliwa kama watoto 35, na hufa watu kama 6. Toa sita kwenye thelathini na tano, unabaki na ishirini na tisa, yaani karibu asilimia 3 kwa mwaka. Sensa ilipolinganisha 2012 na 2022 ikapata asilimia 3.2.

Asilimia 3 inasikika ndogo. Waliowahi kukopa Vicoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wakachelewesha marejesho wanajua riba ndogo inayozaa juu ya riba inavyofanya kazi. Kuna njia ya mkato: chukua 70, gawa kwa asilimia ya ongezeko, utapata miaka ya kuongezeka mara mbili. Sabini kwa 3.2 ni kama miaka 22. Na historia yetu inathibitisha. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3. Mwaka 1978, milioni 17.5. Mwaka 2002, milioni 34.4, yaani karibu mara mbili ya 1978. Mwaka 2022, watu 61,741,120. Mkoa wetu wa Mwanza peke yake ulitoka 2,772,509 mwaka 2012 ukafika 3,699,872. Zaidi ya laki tisa wameongezeka ndani ya miaka kumi, na ukisimama Makongoro jioni ukatazama juu utaona wamekwenda wapi: taa zimepanda miamba mpaka kileleni, nyumba zimejengwa juu ya mawe ambayo nilipokuwa mdogo tuliyatumia kwa kuteleza tu.

Kwa mkoa, kuzaliwa na kufa havimalizi hesabu. Kuna wanaohamia na wanaohama. Jirani zetu Geita walikuwa takriban milioni 1.74 mwaka 2012, na 2022 wakawa karibu milioni 2.98. Matumbo ya kina mama hayawezi kufanya kazi hiyo peke yake ndani ya miaka kumi. Dhahabu imewavuta watu kutoka kila pembe. Lakini kwa dunia nzima hakuna pa kuhamia, hivyo dunia inabaki na hesabu mbili tu, ya kitanda cha kujifungulia na ya kaburi.

Lipo jambo moja kwenye takwimu hizi lililonishangaza sana, na nimeona watu wengi hulikosea. Nimesema Tanzania tunakufa watu kama 6 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Wajapani, ambao wastani wa umri wao wa kuishi unakaribia miaka 84, wanakufa karibu 13 kwa kila 1,000. Zaidi ya mara mbili yetu! Mtu akisoma haraka atadhani Mwanza kuna afya kuliko Tokyo. Sivyo. Ni kwamba Japani imejaa wazee, na wazee ndio wanaokufa. Sisi tumejaa watoto. Sensa ilionyesha kwamba karibu 43 kati ya kila Watanzania 100 wana umri chini ya miaka 15, na mtoto akishavuka miaka mitano anaingia kwenye umri ambao kifo kinamgusa kwa nadra kuliko umri mwingine wowote. Ndiyo maana kiwango cha jumla cha vifo kinadanganya usipouliza nani wanaoishi pale. Ukitaka kujua kama watu wanakufa vibaya, uliza wanakufa wakiwa na umri gani. Bibi aliwazika watoto wake watano kabla hajafikisha miaka arobaini. Mwanamke wa Kijapani wa rika lake kwa kawaida amezikwa, au atazikwa, na watoto wake.

Na upande wa kuzaliwa, Japani huzaliwa watoto kama 6 tu kwa kila 1,000. Sita wanaingia, kumi na tatu wanatoka. Nchi inapungua kila mwaka. Korea Kusini mwaka 2023 wastani ulishuka hadi watoto 0.72 kwa mwanamke. Ili kizazi kijizibe chenyewe bila kuongezeka wala kupungua, kinahitaji wastani wa watoto kama 2.1 kwa kila mwanamke: wawili wa kuchukua nafasi ya wazazi, na ile sehemu ndogo kwa ajili ya wasiofika umri wa kuzaa. Dunia nzima kwa sasa iko kwenye 2.3 hivi. Mwaka 1950 ilikuwa karibu 5.

Wazungu nao walipita njia hii. Uswidi, ambayo imetunza kumbukumbu za vizazi na vifo tangu karne ya kumi na nane, vifo vyao vilianza kushuka mapema, na uzazi ukaja kushuka kwa dhati mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Katikati hapo watu waliongezeka, na mamia kwa maelfu wakapanda meli kwenda Marekani. Tofauti ni mwendo. Kwao vifo vilipungua taratibu, kwa maji safi na chakula bora na chanjo, kwa muda wa zaidi ya karne. Kwetu dawa zilifika zikiwa tayari zimegunduliwa, kwa hiyo vifo vimeanguka ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mwaka bibi alipojifungua wa kwanza na mwaka nilipojifungua mimi haipishani hata miaka sitini. Mila na mazoea ya uzazi hayawezi kubadilika kwa mwendo wa sindano.

Watu wengine hudhani misiba mikubwa ndiyo inayopunguza watu. Sisi wa kando ya ziwa tunajua misiba. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia walipotea. Makaburi yao pale Igoma yapo hadi leo. MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya mia mbili wakafa, na miongoni mwao walikuwemo ninaowafahamu. Siwezi kulipima pengo hilo na sitajaribu. Lakini kwenye chati ya idadi ya watu huwezi kuziona siku hizo. Chati inatikiswa na vifo visivyotangazwa redioni: mtoto mmoja kwenye nyumba hii, mwingine nyumba ya tatu, kila wiki, miaka yote.

Hata UKIMWI haukusimamisha ongezeko. Huko Kisesa, njia ya kwenda Musoma, watafiti wamekuwa wakipita kaya kwa kaya tangu 1994 wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia, na kazi yao imesaidia kuonyesha jinsi ugonjwa ule ulivyokata watu wa umri wa kufanya kazi. Kwetu ulimchukua mjomba na mkewe, watoto wao wakaja kulelewa na mama pamoja nasi. Umri wa kuishi nchini ulirudi nyuma hadi kwenye miaka 50 hivi, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure miaka ya 2000. Lakini katika kipindi hichohicho kibaya, kati ya sensa ya 1988 na ya 2002, Tanzania ilitoka milioni 23.1 ikafika 34.4. Uzazi wa juu na umati wa vijana vina nguvu kiasi hicho.

Huo umati wa vijana ndio utakaotuongeza hata kama kila mwanamke kuanzia kesho ataamua kuzaa wawili tu. Wasichana watakaozaa miaka kumi na mitano ijayo wameshazaliwa. Wako kwenye madarasa yetu sasa hivi, watatu kwenye dawati la wawili. Ni wengi kuliko mama zao. Hata wakizaa wachache kila mmoja, jumla ya watoto itabaki kubwa kwa muda mrefu. Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa unakadiria Tanzania itakuwa na watu takriban milioni 130 ifikapo 2050, ingawa makadirio hayohayo tayari yamechukulia kwamba uzazi utaendelea kushuka.

Sisemi kwamba hilo halina gharama. Shule anayosoma binti yangu ina zamu mbili, wengine asubuhi wengine mchana, na mwalimu akisahihisha madaftari yote ya darasa lake hana usiku. Mwaloni naona wavuvi wanaokwenda mbali zaidi kutafuta dagaa kuliko nilivyosikia kwa wafanyabiashara walionitangulia, na ziwa ni lilelile kwa Watanzania, Wakenya na Waganda. Zaidi ya watu milioni 40 wanaishi kwenye bonde lake.

Mwaka 1798 mchungaji mmoja Mwingereza, Thomas Malthus, aliandika kwamba watu huongezeka kwa kuzidisha huku chakula kikiongezeka kwa kujumlisha, hivyo njaa na maradhi ndivyo vitakavyowarudisha watu kwenye mstari. Mwanauchumi wa Kidenmaki, Ester Boserup, mwaka 1965 akasema kinyume: watu wakibanana hubuni njia ya kulima kwa nguvu zaidi eneo lilelile. Mimi nikifikiria hoja hizi mbili naifikiria Ukara. Kisiwa kile kidogo kimekuwa na msongamano tangu enzi za ukoloni, na Wakara wakajifunza kufungia ng'ombe ndani, kuwakatia majani, kukusanya samadi na kuirudisha shambani, kupokezanisha mazao, kutoacha kipande cha ardhi kikilala bure. Wasomi wa kilimo wamekwenda kuwatazama kwa miongo mingi. Boserup angefurahi. Lakini vilevile vijana wa Ukara wamekuwa wakivuka maji kutafuta ardhi bara, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu hata ustadi una mpaka wake kisiwani. Wote wawili wana sehemu ya kweli, na Wakara walilijua hilo kwa jembe.

Viongozi wetu nao wamesema pande zote. Septemba 2018 hayati Rais Magufuli, akiwa Meatu, aliwahimiza wananchi waendelee kuzaa, akiona watu ni nguvu kazi. Oktoba 2022 Rais Samia, akiwa ziarani mkoani Geita, akahimiza kupunguza kasi ya kuzaa, akitazama mzigo wa huduma. Kauli zote mbili zilijadiliwa sana huku kwetu. Kwa nionavyo mimi, mama haamui idadi ya watoto kwa kusikiliza hotuba. Anaamua kwa kile alichokiona.

Bibi aliona watoto wakifa, akazaa akijua baadhi hawatabaki. Alinieleza waziwazi: "Ungezaa wawili, ukaamka huna hata mmoja." Huo haukuwa ujinga wala uzembe. Ilikuwa akili ya mtu anayeijua hali yake. Mama alizaa wachache kwa sababu aliishi karibu na hospitali, aliona wenzake wanakuza watoto wote, na alikuwa na darasa la saba. Mimi nina wawili, nimesoma mpaka chuo, mtaji wangu ni mdogo na kodi ya nyumba inapanda. Hata kitaifa ndivyo ilivyo: mwanamke wa kijijini ana karibu watoto wawili zaidi ya mwanamke wa mjini kwa wastani, na msichana aliyefika sekondari anazaa baadaye na anazaa wachache kuliko asiyesoma. Ndiyo maana nilifurahi sana Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shule. Kila mwaka msichana anaokaa darasani, mtoto wake wa kwanza anachelewa kuja, na vizazi vyenyewe vinaachana nafasi. Watu wakizaa wakiwa na miaka 25 badala ya 17, hata kama idadi ya watoto ni ileile, ongezeko linapungua.

Halafu kuna wale wanaotaka kupumzika kuzaa na hawawezi. Ni karibu theluthi moja tu ya wanawake walioolewa nchini wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango. Wengine hawataki, na ni haki yao. Wengine waume wamekataa. Lakini wapo wanaotaka, wanafunga safari, wanaambiwa sindano imeisha warudi wiki ijayo. Mwanamke anayeanika dagaa hana wiki ijayo. Giza la mwezi likiingia mitumbwi inatoka kila usiku, na mzigo ukifika alfajiri usipoanika unaoza. Nawajua wanawake waliobeba mimba wasizozipanga kwa sababu ya safari moja iliyoambulia patupu. Wakifika wodini kujifungua, kuna wakunga watakaowauliza kwa sauti ya juu, "Na wewe tena?"

Kwa hiyo kwenye mkutano wa mtaa wetu uliopita nilisimama. Nikaomba mambo mawili. La kwanza, zahanati iwe na siku moja kwa wiki ya kutoa huduma ya uzazi wa mpango mchana, saa nane mpaka saa kumi na moja, wakati wanawake wa mwaloni wameshaanika na kuanua. La pili, jokofu la chanjo lipatiwe sola, maana umeme ukikatika muda mrefu chanjo huhamishiwa kituo kingine na mama anayefika na mtoto mgongoni anarudishwa. Mzee mmoja aliuliza kama sijipingi, kutaka watoto wasife na papo hapo kutaka wazaliwe wachache. Nikamjibu, "Hapana baba, ni ombi moja hilo." Nikaeleza habari za bibi, wale kumi na mmoja na wale sita, mpaka mwenyekiti akaniambia muda umekwisha. Mtendaji ameyaandika yote mawili kwenye muhtasari, na kikao cha kamati ya maendeleo ya kata ndicho kinachofuata.